Nani Kampa Kimya Vijiti?

Kijiwe cha Uzioni kina benchi moja refu, mawe matatu na birika la kahawa, na kimekaa mkabala na lango la mizigo la uwanja wa ndege ambao bango lake linasema ni wa kimataifa. Ukimataifa wenyewe ni wa Alhamisi tu. Siku nyingine zote inatua ndege ndogo ya viti kumi na tisa kutoka mji mkuu, inashusha watu na magazeti, inaondoka. Alhamisi saa nne asubuhi inakuja ndege ya nchi jirani, na hapo ndipo afisa wa pasipoti anapofungua chumba chake na kupangusa vumbi mezani. Jumba la abiria lina milango miwili, mmoja wa safari za ndani na mwingine wa safari za nje, na yote miwili inaingia ukumbi uleule. Duka lisilotoza ushuru ni kabati la kioo lenye chupa tatu za manukato, na ufunguo wake haujulikani uliko. Wanakijiwe wanayajua haya yote, maana uzio ni wa waya na macho hayana pazia.

Alhamisi hiyo Mizani alifika mapema kuliko wote. Ni mpakia mizigo wa mwaka wa tisa, na jina alilipata kwa sababu akiinua begi kwa mkono mmoja anakutajia kilo zake kabla mashine haijasema. Zamu yake huanza ndege inapoonekana angani, kwa hiyo alikuwa na nafasi ya kunywa vikombe viwili na kuumwa roho. Alikuwa na wivu, tena si wa kificho. Shemeji yake Kimya, waliyeanza naye kazi siku moja, aliyebeba naye masanduku hayohayo kwenye mvua hiyohiyo, ndiye aliyepewa kazi ya kuongoza ndege, baada ya mzee aliyekuwa akiifanya kustaafu. Kimya sasa anavaa kizibao kinachong'aa, anasimama mbele ya ndege na vijiti viwili vyekundu mikononi, na rubani, mtu mwenye nyota begani, anamfuata yeye.

Hilo angelimeza. Kilichomkwama ni mama yake mzazi. Jumapili alikwenda kumsalimu akakuta picha ya Kimya na vijiti vyake imetundikwa sebuleni, juu ya redio. "Mkwe wangu anaegesha ndege," mama alikuwa akimwambia jirani. Mizani alingoja asikie mama atasema nini kuhusu yeye. Mama alisema, "Na huyu ni mwanangu," akaishia hapo.

— Soma tena tulipofikia, alisema Zimamoto kijiwe kilipojaa.

Zimamoto alilitumikia gari la zimamoto la uwanja miaka ishirini na miwili bila kuona moto hata wa kiberiti, na mpaka leo anasema ni kwa sababu moto ulimwogopa. Aliyeambiwa asome ni Tairi, dereva wa teksi, aliyekuwa na karatasi juu ya goti na kalamu sikioni.

— "Kwa Mheshimiwa Meneja," alisoma Tairi. "Sisi wananchi wema tunaouzunguka uwanja tunakuarifu kwamba mwongoza ndege mpya hafai, kwa kuwa ana kosa kubwa la..." Basi. Hapo nimeacha nafasi.

— Kosa la nini?

— Ndilo tunalolitafuta, bwana. Hati nimeipamba, sasa leteni kosa.

Sanduku la maoni liko mlangoni kwa meneja, na hufunguliwa kila Alhamisi ndege ya nje ikishaondoka. Mizani ndiye mwenye ruhusa ya kupita getini, hivyo ndiye aliyekabidhiwa kazi ya kuitumbukiza barua. Alikubali haraka mno, na mwenyewe aliona aibu kidogo, lakini aibu ile ilikuwa ndogo kuliko ile picha juu ya redio.

— Undugu, alisema Zimamoto. Andika undugu. Meneja ni mjomba wake.

— Meneja anatoka kusini, shemeji yangu wa kaskazini, alisema Mizani.

— Wajomba wana miguu, wanatembea.

— Hapana, alisema Tairi. Mimi nawaambia ni mayai. Kimya anafuga kuku, au sivyo? Leo trei moja kwa meneja, kesho trei moja. Haba na haba hujaza kibaba.

— Meneja hali mayai, alisema muuza kahawa bila kuinua kichwa. Yanamletea vipele.

Muuza kahawa ni mzee mpole ambaye watu humwita Babu Birika. Hana ubishi na mtu, ila hana msaada pia.

— Basi macho, alisema Zimamoto. Huyo bwana haoni vizuri. Nilimpungia mkono juzi sokoni, akapita.

— Labda hakutaka kukuona.

— Mtu mzima kama mimi? Haoni, nakwambia. Anaongoza ndege kwa harufu ya mafuta. Siku upepo ukigeuka ataipeleka jikoni kwa mama lishe. Ndege mjanja hunasa tundu bovu.

— Hiyo methali ni ya ndege wa manyoya.

— Yenye mbawa yote ni yaleyale. Andika.

Wakati huo alikuwa amefika mama mmoja mwenye begi la bluu na kanga mpya isiyofuliwa bado. Jumba la abiria lilikuwa limefungwa, maana siku ya ndege ya nje mlango hufunguliwa ndege ikishatua, na mlinzi alimwonyesha benchi. Babu Birika alimsogezea nafasi na kikombe. Mama akasema anakwenda kwa binti yake, ng'ambo ya mpaka, ambaye amejifungua mapacha na mmoja bado yuko hospitali. Kwa basi ni siku mbili. Kwa ndege ni saa moja, na hajawahi kupanda ndege tangu azaliwe.

— Karibu, dada yangu, alisema Zimamoto. Hapa uko na wataalamu.

Mama akashukuru na kulikumbatia begi lake. Mizani alilitazama mara moja: kilo kumi na nne.

— Upofu peke yake hautoshi, alisema Tairi. Meneja atasema mnunulieni miwani. Tutafute zito. Mmeshaziangalia ishara zake? Anainua vijiti, anavipishanisha, anavishusha. Yale yote ni kuegesha tu? Mimi naegesha gari kila siku na sijawahi kupunga hata kitambaa. Yule anamwambia rubani wa nchi jirani mambo yetu.

— Mambo gani?

— Sisi tutayajuaje? Ndiyo maana yanaitwa siri. Na jina lake je? Kimya kingi kina mshindo mkuu.

— Hapo umegonga penyewe, alisema Zimamoto. Tena mimi nimesikia zaidi. Kuna kitu kimefukiwa chini ya ule mstari wa njano, pale gurudumu la mbele linaposimama. Alikifukia mwenyewe, ameinama. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Ndege ikija inavutwa na kile kitu, rubani ameshika usukani bure. Siku dawa ikiisha nguvu, hakuna wa kuizuia.

Mizani alicheka, na kicheko kilimtuliza kama maji ya baridi. Kila tusi walilompakaza Kimya lilimpunguzia uzito kidogo. Lakini chini kabisa ya uzito ule lilikaa jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu, si mke wake, si kijiwe.

Kazi ile ilishindaniwa. Meneja aliwaita wawili tu, yeye na Kimya, akawapeleka kwenye maegesho ya ndege. Trekta la kuvutia mizigo liliwekwa mbali, dereva wake amevaa vifunika masikio, na kila mmoja akapewa vijiti aliongoze mpaka mstari wa njano. Mizani alianza yeye. Kwa miaka tisa alikuwa ameelekeza malori ya mizigo kurudi nyuma langoni kwa namna moja, ile anayoijua kila utingo. Basi akavibana vijiti kwapani, akaweka mikono kiunoni, akapaza sauti: "Njoo, njoo, njoo, kata kushoto, njoo, inatosha!" Trekta likaja, likaupita mstari, likaipita "inatosha", likaigonga ngazi ya abiria. Kimya alipopewa zamu hakufungua mdomo, kama kawaida yake. Alinyoosha mikono, na trekta likasimama mstarini. Meneja alimwachia Kimya vijiti.

Kila Mizani alipokumbuka alijitetea kwamba mtu wa kwanza siku zote huponzwa. Kisha alikumbuka kwamba yeye ndiye aliyeomba kuwa wa kwanza.

— Mizani, chagua, alisema Tairi. Wewe ndiye ndugu. Upofu, siri au dawa?

— Andika yote, alisema Mizani.

Babu Birika alitikisa birika, akasema, kama anayeongea na mkaa wake:

— Mpewa hapokonyeki.

— Hatupokonyi, Babu, tunaarifu, alisema Tairi, akaanza kuandika.

Hapo mama mwenye begi la bluu akasimama. Alikuwa amekunja tiketi yake mara nne.

— Wazee wangu, samahani, alisema. Huyo mnayemsema ndiye atakayeishika ndege yangu?

— Ndiye, mama. Anaileta, na kuondoka anaiaga yeye, alisema Zimamoto, kwa majivuno ya mtu mwenye habari.

— Na nyie mnamjua.

— Tunamjua sana. Huyu hapa ni shemeji yake kabisa.

Mama akamgeukia Mizani.

— Sasa niambie, kaka. Nipande, nisipande?

Zimamoto akakohoa. Tairi akaiangalia kalamu. Babu Birika akajifanya anachochea mkaa. Miaka yote ya kijiwe kile hakuna aliyewahi kuulizwa jambo ambalo muulizaji angeondoka na jibu lake na kulifuata.

— Kituo cha basi ni upande gani? aliuliza mama. Bora siku mbili.

— Teksi ninayo hapa, alisema Tairi taratibu, na hata yeye mwenyewe sauti yake haikumpendeza.

Ndege ilikuwa imeshaonekana. Ilishuka juu ya paa za nyumba, ikagusa lami, ikakimbia mpaka mwisho, ikageuka. Gari la zimamoto lilitoa pua nje ya banda kama sheria inavyotaka. Ng'ambo ya waya Kimya alitoka kwenye kivuli na kizibao chake, akasimama mwisho wa mstari wa njano, akainua mikono. Ndege ikaja kwake polepole na kelele zake zote. Kimya akapunga kijiti cha kushoto, ikageukia alikotaka. Akavipishanisha vyote viwili juu ya kichwa, ikasimama. Gurudumu la mbele lilikuwa juu ya mstari hasa, si mbele, si nyuma. Mizani alitafuta kosa kwa macho yake yote mawili. Alilitafuta kwa nguvu, na moyo wake ulimwomba alipate.

Mama alikuwa ameshatwika begi kichwani, hatua tano kuelekea barabarani.

— Dada, alisema Mizani. Ngoja.

Mama akageuka.

— Hayo ya macho na dawa tumeyatunga hapa hapa. Anaona kuliko sisi.

— Mbona basi mnamwandikia barua?

— Tulishindana mimi na yeye. Mimi niliongoza trekta kwa mdomo.

— Kwa kitu gani? aliuliza Zimamoto, akidhani hajasikia vizuri.

— Kwa mdomo. Nilipiga kelele. Dereva kaziba masikio na mimi napiga kelele. Ile ngazi iliyopinda niliipinda mimi.

Tairi alifungua mdomo acheke, akautazama uso wa Mizani, akaufunga. Babu Birika aliinamisha birika juu ya kikombe cha Zimamoto, yakatoka matone mawili na mashapo.

— Kwa hiyo anaiweza hiyo kazi? aliuliza mama.

Mizani angeweza kupakia ndege nzima peke yake kwa taabu ndogo kuliko ile.

— Anaiweza, alisema. Panda.

Mama alimtazama kidogo, kisha akaenda kwenye mlango wa jumba la abiria, ambao mlinzi alikuwa akiufungua. Mizani alichukua karatasi gotini kwa Tairi, akaikunja, akaitia mfukoni.

— Unaitumbukiza? aliuliza Tairi.

— Sijui, alisema Mizani. Bado namwonea wivu.

Akapita getini kwenda kupakua mizigo.