Mzee Benjamini Lugembe na Tarumbeta Alilogoma Kulirudisha

Tunamsindikiza Mzee Benjamini Lugembe, aliyezaliwa Usoke tarehe 14 Machi 1944, mtoto wa tatu wa Mzee Lugembe na Bi Recheli.

Alisoma hapo hapo Usoke, shule ya misheni, hadi darasa la nne. Hesabu hazikumpenda. Kanisani alikabidhiwa tarumbeta, na hilo walipendana.

Kazi yake ilikuwa tumbaku. Zaidi ya miaka arobaini alichochea kuni za bani, lile banda la kukaushia majani, akilala mlangoni moto usizime. Mwaka 1968 alimwoa Bi Kabula, aliyepika ndani kwenye mafiga. Tuseme wazi: nyumba ile ilikula moshi.

Kikohozi kikaja. Sisi ndugu zake tukamfunika blanketi, tukamfukiza majani juu ya makaa. Moshi juu ya moshi. Alfajiri ya Pasaka 2015, makaburini, ambako sisi Wamoraviani hupuliza matarumbeta kutangaza ufufuko, pumzi ilimkatikia ubeti wa kwanza. Kiongozi wa bendi, Mzee Ndalahwa, akanyoosha mkono alichukue tarumbeta.

“Niachie mpaka Pasaka ijayo,” marehemu akasema. “Nikishindwa, nalileta mwenyewe, limesuguliwa.”

“Na ukifa kabla?”

“Utalipata bila ubishi.”

Daktari alimweleza kwamba mapafu yaliyochakaa hayawi mapya, ila akiuacha moshi, yaliyobaki yatamfikisha mbali. Marehemu akaanza kuomba apewe msimu mmoja tu wa mwisho wa tumbaku. Bi Kabula akafunga mjadala: “Baba Tobias, bani au tarumbeta. Chagua.”

Bani likabomolewa. Matofali yake yakajenga jiko la uani, lenye madirisha mapana na mtungi wa gesi. Shamba likapandwa karanga. Kuchoma takataka karibu na nyumba kukapigwa marufuku, na majirani wakanuna kidogo. Mvua zilipoanza alikuwa analala chali bila kukohoa, na sokoni anafika bila kuketi njiani.

Pasaka ya 2016 alipuliza beti zote. Kisha akamnyooshea Mzee Ndalahwa tarumbeta. “Haya, lichukue.”

Mzee Ndalahwa akatia mikono mfukoni. “Kaa nalo.”

Alikaa nalo. Hakukosa Pasaka hata moja hadi mwaka huu wa 2025. Kiharusi kilimchukua tarehe 2 Septemba, akiwa na miaka 81.

Ameacha mjane, Bi Kabula, watoto wawili, Tobias na Recheli, wajukuu saba, na tarumbeta lililo juu ya jeneza hili, limesuguliwa. Mzee Ndalahwa, lichukue. Hakuna ubishi.

Apumzike kwa amani hadi parapanda ya mwisho. Tunavyomfahamu, ataomba aipulize yeye.