Nywele Sita za Kinyozi

Tarehe thelathini ya mwezi huu, saa kumi alasiri, mkuu wa mafundi wa maabara yetu ya seli atatundika koti lake jeupe kwenye msumari wa pili kutoka mlangoni, kama alivyofanya kwa miaka thelathini na mmoja. Safari hii hatalichukua asubuhi.

Sote, kuanzia Mkurugenzi hadi mlinzi wa getini, tunamwita Kinyozi, kwa sababu hiyo ndiyo kazi iliyomleta hapa. Alikuwa na kiti kimoja na kioo chenye ufa, mtaa wa nyuma ya kliniki. Madaktari walihitaji kunyoa duara dogo, lenye upana wa kitufe cha shati, kwenye vichwa vya watu waliojitolea kwa majaribio ya kuotesha nywele. Walijaribu wenyewe, wakawakata wawili. Siku ya tatu wakavuka barabara kumwita jirani.

Alikuja kwa kibarua cha wiki moja. Mwaka wa pili alikuwa anakata mzizi wa unywele chini ya hadubini kwa mkono usiotikisika. Mwaka wa tano alirudi darasani jioni, akakaa dawati moja na vijana waliomwita babu, akatoka na cheti. Wageni wakiona kipara chake kinachong'aa kama sufuria mpya, hucheka. Naye huwawahi: “Kinyozi hajinyoi. Mimi sijioteshi.”

Kwa wasioijua kazi yetu, iko hivi. Huchukuliwa kipande cha ngozi kidogo kama punje ya mchele kutoka kisogoni, mahali ambapo nywele hazikati tamaa upesi. Seli za sehemu ya chini kabisa ya mzizi hutengwa, hulishwa kwenye visahani mpaka ziwe maelfu, kisha hudungwa utosini kwa mwenyewe, palipopungua nywele. Ukisikia hivyo unadhani tumemaliza. Tatizo ni kwamba seli zikitandazwa kwenye kisahani huongezeka vizuri lakini husahau kazi. Zinabaki hai, zimenenepa, hazikumbuki kwamba ziliwahi kuamuru unywele uote. Dawa mojawapo ni kuzining'iniza ndani ya matone, chini ya kifuniko cha kisahani, zikusanyike kuwa kijidonge. Hapo hukumbuka kidogo. Kinyozi hakuibuni njia hiyo, na hukasirika akisifiwa kwayo. Lakini hakuna mkono hapa uliowahi kutundika matone mia mbili bila hata moja kudondoka, isipokuwa wake.

Fahari yetu kubwa kwake, hata hivyo, inatokana na hesabu.

Majaribio yetu ya mwisho yalikuwa na watu kumi na wanne. Mmoja wao ni mama, mwalimu wa shule ya msingi, aliyekuwa akivaa kilemba hata nyumbani kwake. Alikuwa amemwahidi binti yake, aliyekaribia kuhitimu, kwamba siku ya mahafali atakaa mstari wa mbele, kichwa wazi. Kila alipokuja alimuuliza Kinyozi swali lile lile: “Mzee wangu, mazao yanaendeleaje?”

Ilipokaribia siku ya picha za mwisho, mtumishi mmoja mgeni, ambaye ndiye anayeandika wasifu huu, alitumwa kuwapigia simu wote. Akawaambia kwa furaha: “Njooni mmependeza, ni siku ya picha.” Nani huenda kupigwa picha bila kujitengeneza? Wakaja wamependeza. Picha zikapigwa, nywele zikahesabiwa ndani ya kila duara, na katika duara la Mwalimu zikaonekana nywele mpya thelathini na saba. Tulikumbatiana kwenye korido. Mkurugenzi akaandika tangazo la matokeo siku hiyo hiyo, na barua za mwaliko wa hafla zikaanza kutumwa.

Kinyozi hakukumbatia mtu. Alikuwa anatazama nyuma ya sikio la Mwalimu, palipokuwa na doa jeusi, dogo kama la wino. Madaktari watatu walipita hapo wasilione. Aliyewahi kusafisha shingo za watu miaka mingi aliliona. Lilikuwa doa la rangi ya nywele; watu wetu walikuwa wamejipaka kabla ya kuja. Kila kichwa kina malaika, zile nywele laini zisizo na rangi ambazo jicho halizioni. Zikipakwa nyeusi, zote hujitokeza kama wageni wa harusi, nasi tulizihesabu kama watoto waliozaliwa jana.

Alipendekeza dawa ya kinyozi: maduara yote kumi na manne yanyolewe, tusubiri wiki sita, tuhesabu kinachoota chenyewe. Mkurugenzi, ambaye ameniruhusu kuliandika hili, alinuna. Aliuliza nani atawaambia waalikwa. Kinyozi akajibu, “Waambieni mashine ya kunyolea imeharibika, itapona baada ya wiki sita.” Na mimi, niliyekuwa na barua ya kuacha kazi mfukoni, aliniita pembeni. “Kosa si lako, mwanangu. Hata mimi ningechana nywele, kama ningekuwa nazo.” Kisha akanipa kalamu nimwandikie hesabu.

Wiki sita baadaye, thelathini na saba zikawa sita.

Kinyozi alikataa habari hiyo itumwe kwa barua. Alimkalisha Mwalimu kwenye kiti cha chumba cha picha. “Mwalimu, sikufichi. Ni sita. Nimehesabu mara tatu.”

“Sita tu, mzee wangu?”

“Sita tu.”

“Basi nitazipa majina,” Mwalimu akasema, akacheka huku akijifuta macho kwa ncha ya kilemba.

Tangazo lilitoka na namba ndogo, na ndilo lililosomwa kwa heshima kuliko yote tuliyowahi kuandika. Linasema kwamba seli hazikumdhuru mtu. Kwamba kwa watu tisa nywele zilizonyong'onyea zilinenepa kidogo. Kwamba penye kovu hapakuota kitu, na penye mzizi uliokufa seli hazikuumba mzizi mpya. Kinyozi huwaeleza wagonjwa kwa maneno machache zaidi: “Seli ni jirani mwema. Atakusaidia kuinua paa, hatakujengea nyumba.”

Wiki moja kabla ya mahafali, Mwalimu alirudi, akaomba anyolewe kichwa kizima. Kinyozi akaitoa mashine yake ya zamani ya kunyolea. “Nyoa zote,” Mwalimu akamwambia, “ila zile sita uziombe radhi kwanza.” Naye akaziomba, moja moja, kwa sauti. Picha ya mahafali iko ukutani kwenye chumba cha picha: binti amevaa joho, na mama yuko mstari wa mbele, kichwa kinang'aa kuliko cha aliyemnyoa.

Tunamshukuru mkewe, aliyetuazima mume kwa miaka yote hii na kumvumilia akihesabu matone hata kwenye meza ya chakula. Tunajua kiti kile kimoja kimepakwa rangi upya na kimewekwa barazani, na wajukuu wameshaanza kujificha.

Kinyozi, tunakutakia siku ndefu, mkono mtulivu na wateja wasiotikisa kichwa. Zile sita tumezitunza. Wa saba ukiota, tutakupigia simu, lakini si siku hiyo. Kwanza tutaunyoa, tutasubiri wiki sita, na tutahesabu mara tatu.