Wanaume Wanne Juu ya Mlango

Kona ya barabara ya kiwanda cha sukari, hapa Labasa, mji wa kisiwani, haina mti wala banda, haina hata ukuta wa kuegemea. Ina jua, ina harufu ya molasi, na tangu kile kimbunga kipite ina mlango. Umelazwa juu ya matofali ya saruji mbele ya nyumba ya Vilikesa, muuza magimbi, na kila siku wanaume wanaukalia na kofia zao za ukili kichwani, beseni la yaqona, kinywaji cha mizizi kinachotia ganzi ulimi, katikati, kifuu kikizunguka. Mvua ya kimbunga iliulowesha mlango ukavimba, ukakataa kuingia kwenye fremu yake, na Vilikesa akaung'oa kwenye bawaba ili aupige randa kidogo aurudishe. Kabla hajaipata randa, Kitione akapita, akaukuta umelala vizuri, akaukalia apumzishe miguu. Kesho yake hakuja peke yake. Na yaqona ina adabu zake, jamani: beseni likiwa na kitu, haliondokewi. Kila anayefika anakuja na kipakiti chake cha mizizi iliyotwangwa, kinakamuliwa humo humo, beseni linajaa upya, na likija kukauka jua limeshazama. Ndiyo maana nyumba ya Vilikesa imekuwa ikifungwa kwa pazia la maua.

Siku hiyo Vilikesa alitoka ndani na randa mkononi.

— Inukeni, jamani. Leo ni leo.

— Karibu, kaa, — akasema Kitione, akamsogezea kifuu.

Kitione anaitwa Mtani, kwa sababu watu wa visiwa vyao na watu wa kijiji cha Vilikesa ni watani wa jadi. Mtani akiingia kwako anachukua anachotaka, na wewe kazi yako ni kucheka. Mlango ulipoondoka tu, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kufunua pazia, akatoka na sufuria la Losalini, mke wa Vilikesa, likiwa na kuku ndani, bado linatokota. Vilikesa alicheka kama mila inavyotaka. Losalini hakucheka. Alikunja mkeka wake akarudi kwao pwani.

— Sikai, — akasema Vilikesa. — Shemeji yangu kanipigia simu. Losalini yuko kwenye basi. Anakuja kuchukua cherehani.

Kifuu kikasimama hewani.

— Cherehani? — akauliza Mwalimu Inoke, aliyefundisha watoto wa mtaa huu mpaka akastaafu, na hajaacha kufundisha.

— Cherehani. Akikuta mlango, anabaki. Akikuta pazia, anaifunga kamba anaondoka nayo. Na shemeji zangu wamesema akishaichukua, nisiwasumbue tena na jino la nyangumi.

Jino la nyangumi alikuwa ameshalipeleka. Alikaa chini mbele ya kaka zake Losalini, akaomba radhi kwa desturi, wakalipokea kwa makofi. Kumbe mwenye ugomvi alikuwa jikoni anasikiliza, na akasema kwa sauti ya kutosha kwamba jino la nyangumi linazika magomvi, halifungi nyumba. Vilikesa alirudi mjini peke yake. Alimpenda mke wake, tuseme ukweli, na nyumba isiyo na mlio wa ile cherehani ilikuwa imemshinda. Alikuwa akila magimbi ya baridi amesimama.

— Sasa na wewe unakimbilia randa, — akasema Hardayal. Huyu wanamwita Injinia, maana anatengeneza baiskeli, na anaapa kwamba hakuna kitu chini ya jua kisicho na baiskeli ndani yake. — Randa ni dawa, bhaiya, ndugu yangu. Kwanza ugonjwa ujulikane.

— Ugonjwa ni maji! Umevimba!

— Maji ni dalili. Sikiliza. Ubao haufi, unalala. Huu ulikuwa mti huko milimani. Kimbunga kimeumwagia maji, umeamka, umedhani ni masika. Unakua huu! Ukiupiga randa unaupogoa, na mti uliopogolewa unachipua mara mbili. Mwezi ujao una milango miwili. Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi.

— Samaki kaingiaje hapa? — akauliza Mtani.

— Kaingia tu. Kinachokataa kuingia ni mlango.

Mwalimu Inoke alikohoa, kile kikohozi chake cha kufuta ubao.

— Hardayal, kaa kimya, unapotosha. Mlango hauna kosa lolote. Nyumba ndiyo iliyogeuka. Upepo ulitoka mashariki, ukaipiga bega, fremu ikapinda. Hebu niambie, kofia isipoingia kichwani unakata kofia?

— Ndiyo, — akasema Injinia.

— Unakata kichwa! — Mwalimu akalitazama alilolisema. — Yaani... mmenielewa.

— Hatujakuelewa.

— Na si nyumba hii tu. Tembeeni muone. Upande huu wa barabara milango imekwama. Upande ule inagongagonga. Kwa nini? Kisiwa kizima kimeinama! Sukari yote tunaipakia upande mmoja, bandarini, mwaka baada ya mwaka. Mnategemea nini? Asiyeziba ufa hujenga ukuta.

— Si ndiyo vizuri? — akasema Mtani. — Acha ufa, upate ukuta wa bure.

— Jamani, — akasema Vilikesa, — basi lipo njiani.

— Haraka haraka haina baraka, — wakamjibu wote watatu pamoja. Hilo ndilo jambo pekee walilowahi kukubaliana tangu kimbunga.

Vilikesa akapenyeza randa kati ya paja la Mwalimu na paja la Injinia, akijaribu kuufikia ukingo wa mlango. Injinia akajikuna. Randa ikarudi.

— Mimi sina elimu, — akaanza Mtani, na walipomsikia hivyo wenzake wakajua maneno ni marefu. — Nauliza tu. Mtani wangu, mlango huu uliupata wapi?

— Kwa mzee mmoja ng'ambo ya mto. Alibomoa nyumba yake, akaniuzia.

— Mzee huyo na mkewe waliishije?

— Waligombana. Mtaa mzima ulikuwa unawasikia.

— Haya! — Mtani akapiga kofi. — Injinia, Mwalimu, mmesikia? Mlango umezaliwa kwenye matusi. Umezoea kubamizwa asubuhi, mchana na jioni. Umekuja hapa kwa watu wapole, unafungwa polepole kama jeneza la askofu. Umekasirika! Umevimba kwa hasira, si kwa maji. Tena umezoea kumtoa mke nje, na umemtoa kweli. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Mlango huu unataka kutukanwa tu.

Akainama, akauambia mlango uliokuwa chini ya mapaja yake:

— Mjinga mkubwa wewe! Kuni! Sanduku la samaki!

— Usiutukane, bwana, tunanywea juu yake, — akasema Mwalimu.

— Sasa unafikiri ulikosa nini miaka yote? Malezi!

— Hilo kisayansi halisimami, — akasema Injinia, ambaye dakika chache nyuma alikuwa na samaki.

— Linasimama kuliko kisiwa chenu kilichoinama!

— Kimeinama! — akadakia Mwalimu. — Weka gololi hapa uone inakwenda wapi!

— Gololi itakwenda kwa mtani, kila kitu huwa kinaishia kwa mtani!

Wakacheka mpaka beseni likatikisika. Mwalimu akafuta machozi, akatia mkono mfukoni, akatoa kipakiti.

— Kwa jambo zito kama hili, — akasema, — hatuna budi kuongeza.

Vilikesa alikitazama kile kipakiti kikifunguliwa, unga ukimiminwa kwenye kitambaa, kitambaa kikikamuliwa, maji yakigeuka rangi ya tope. Beseni likajaa. Kule mbali, upande wa daraja, basi la pwani likapiga honi yake ile ya kupaliwa. Kumwaga yaqona ni kuwatukana watu pamoja na babu zao. Kuwainua watu kwenye beseni lililojaa ni vivyo hivyo. Alisimama pale na randa yake anawachukia, na walikuwa marafiki zake, na alijua kwamba wakiendelea kukaa hivyo kwa adabu zote, mke wake atapanda basi na cherehani kichwani.

Basi akaweka randa chini. Akapiga kofi moja, kama inavyopasa.

— Bula! — akasema, salamu ya kila anayepokea kifuu.

Akalibeba beseni lote kwa mikono miwili, akalipeleka mdomoni.

— Vilikesa! — akasema Mwalimu.

— Mwache, — akanong'ona Mtani. — Hiyo sijawahi kuiona.

Koo la Vilikesa lilipanda na kushuka. Yaqona ikamwagika kifuani, hakujali. Ulimi ukaanza kufa ganzi, halafu midomo, halafu hata mashavu hakuyasikia tena. Alipolishusha beseni lilikuwa kavu, na ndani yake amebaki inzi mmoja mwenye bahati mbaya. Wale watatu, kwa mshangao na kwa mazoea, wakapiga makofi yao matatu.

— Limekwisha, — akasema Vilikesa kwa ulimi mzito. — Inukeni.

Wakainuka. Wangefanyaje? Beseni lilikuwa limekwisha.

— Randa! — akasema Mwalimu. — Nipe randa nianze na fremu!

— Muda wa randa haupo, — akasema Injinia. — Honi ya pili hiyo. Tuupachike hivyo hivyo, ukigoma tuushikilie kwa mikono mpaka mama apite.

Wakaubeba. Sasa ndipo ilipoonekana kwamba hata kubeba mlango kunahitaji nadharia, maana Mwalimu alikwenda kushoto, Mtani akaenda kulia, na Vilikesa, ambaye miguu yake ilikuwa imelewa kuliko kichwa, akawa katikati anazunguka nao. Wakaufikisha. Matundu ya skrubu yalikuwa yamelegea, skrubu zinaingia na kutoka zinavyotaka, na hapo Injinia akafanya jambo la maana la kwanza tangu kimbunga: alivunja njiti za kiberiti, akazishindilia kwenye matundu, akakaza skrubu juu yake kwa bisibisi ya baiskeli. Zikashika.

— Haya, mtani, — akasema Vilikesa. — Sukuma.

Kitione akarudi nyuma hatua kadhaa, akainamisha bega kama anayekwenda kuvunja benki, akaja mbio. Mlango ukajifunga kwa ulaini kabisa mbele ya bega lake, komeo likalia *tik*, na yeye akaubamiza uso kwenye ubao uliokwisha kufungwa zamani.

Hakuna aliyecheka. Vilikesa akaufungua. Akaufunga. *Tik.* Juu haugusi, chini haukwaruzi, ukingo umenyooka kuliko siku alipoununua.

— Umepungua, — akasema Injinia kwa sauti ndogo.

— Na kumbe ulikuwa umepinda, — akasema Mwalimu. — Sasa haujapinda.

Wakageuka wote wanne wakayatazama yale matofali ya saruji barabarani, peupe, jua linayachoma. Kisha, mmoja mmoja, kila mtu akatazama nyuma ya suruali yake. Jua la Labasa kutwa nzima, na juu ya mlango wanaume wanne walioshiba magimbi na mchuzi, wanaugandamiza siku baada ya siku huku wanabishana. Kilikuwa kitu kigumu kukisema.

Basi likasimama kona.

Losalini alishuka na kamba mkononi. Hakuwa na mkoba wala mkeka, kamba tu ya kufungia cherehani. Alipita mbele yao bila salamu. Nao walikuwa wamejipanga kando ya barabara wamesimama, mikono nyuma, kwa sababu pa kukaa hapakuwapo tena. Alisimama mbele ya mlango. Akausukuma kwa kidole kimoja. Ukafunguka. Akauvuta kwa kidole hicho hicho, ukafungika. Akaufungua tena, akaingia, akaufunga, na wakasikia komeo kutoka upande wa ndani.

— Anafunga kamba, — akanong'ona Mwalimu.

— Nyamaza, — akasema Vilikesa.

Alisimama pale nje ya nyumba yake anasikiliza, na moyo ulikuwa unamwenda mbio kuliko basi lolote la pwani. Kiti kikaburutwa sakafuni. Kitu kikawekwa mezani. Kisha cherehani ikaanza, ta-ta-ta-ta, polepole, halafu kwa kasi, na Vilikesa akaona haya kwa machozi yaliyomtoka mbele ya watu. Mtani akamwekea mkono begani, na kwa mara ya kwanza hakuchukua kitu.

Sauti ya Losalini ikatoka dirishani. Dirisha lenyewe ni lile la vioo vya vipande vya kulala, na kimbunga kilikuwa kimeondoka na vingi. Palipokosa kioo paliegeshwa boksi la biskuti.

— Nani ametengeneza mlango?

— Mimi! — wakasema Injinia, Mwalimu na Mtani.

— Mmetumia nini?

Injinia akamtazama Mwalimu. Mwalimu akamtazama Mtani. Mtani akaitazama randa, safi, mpya, haina hata uchafu wa mbao, imelala mavumbini.

— Nimeuliza, mmetumia nini?

Vilikesa akameza mate ambayo hakuyasikia.

— Tumeukalia, — akasema, kila herufi ikitoka na gharama yake.

— Mmefanyaje?

— Tumeukalia, mama. Mpaka ukakubali.

Cherehani ikanyamaza. Vilikesa akafumba macho. Kisha kutoka ndani ukaja mcheko, wa Losalini kabisa, ule unaoanzia tumboni, ukaendelea mpaka majirani wakatoa vichwa. Ulipokwisha, boksi la biskuti likasukumwa likaanguka nje, na mkono wenye pete ya kushonea ukatokea, ukagonga ncha ya kipande cha kioo kilichobaki, chembamba, kilichovunjika kama meno ya papa.

— Haya, baba. Na vioo hivi mtavikalia lini?

Mtani alirudi nyuma taratibu, mikono yote miwili ikiwa imefunika makalio.