Mama Aliyembeba Optatus Kifuani

Ndugu waombolezaji, mimi ni Aneth, kifungua mimba wa marehemu. Ukoo ulitaka historia hii isomwe na baba mdogo Gaudence, nikakataa katakata, maana mama yangu nimeshawaachia wengine vya kutosha.

Marehemu Evelina Chilongola alizaliwa tarehe 4 Machi 1961 huko Kibakwe, wilayani Mpwapwa, akasoma hapo hapo hadi darasa la saba mwaka 1976, akaajiriwa katika duka la ushirika mjini Dodoma, na duka lilipofungwa mwaka 1989 akaingia kwenye mitumba, na kwa kuchagua mashati mazuri hakuwa na mpinzani. Mwaka 1984 alifunga ndoa na baba yetu, Bartolomayo, dereva wa lori.

Mimi nilizaliwa tarehe 19 Juni 1986, wiki moja baada ya lori la baba kupinduka, baba akiwa amelazwa hajitambui, na ndugu, kwa nia njema kabisa, wakaona mama hawezi kuuguza mume na kulea kichanga, wakanipeleka kwa bibi Kibakwe, nikakuzwa kwa maziwa ya ng'ombe, nikarudishwa kwetu Nkuhungu, hapo Dodoma, baba akiwa ameshapona, nina miaka minne, nikimwamkia mama shikamoo kama ninavyowaamkia wapita njia.

Optatus, mdogo wangu huyu aliyekaa mbele, alizaliwa njiti tarehe 2 Oktoba 1996, naye, jamani, hakuwekwa chini! Muuguzi aliagiza abebwe kifuani, ngozi kwa ngozi, akamweleza mama nikiwa nasikia kwamba mtoto akimgusa hivyo na kunyonya, ubongo wa mama hutoa homoni ya kumvuta kwa mwanawe, ila hofu ikizidi, homoni za hofu huikwamisha. Nikajua basi, ya mama kwangu mimi ilikwama, na tangu siku hiyo wivu ukanila, Optatus akikohoa mama yuko wima, mimi nikiwa na malaria natumwa chumvi.

Mwaka 2005 mama alianza kuugua figo, akalazwa Machi 2006, nikamuuguza mimi, na siku moja nikamuuliza wazi kwa nini alimpenda Optatus peke yake. Alishangaa, akasema hee, Aneth, ulipochukuliwa, kila mtoto wa mtu alipolia pale hospitalini alikolazwa baba yako, maziwa yalinichuruzika kanga ikalowa, nikawa nakwenda chooni kuyakamua huku nalia. Ndugu zangu, wengine wangefarijika kusikia hayo, lakini mimi hata hao watoto wa watu nikawaonea wivu.

Alifariki tarehe 11 Aprili 2006, saa nne asubuhi. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Nkuhungu, na wauza mitumba wenzake, hasa Mama Mishi, aliyefunga kibanda chake tangu msiba uanze.

Mama, upumzike sasa, na huyu unayemsikia analia hapa si mtoto wa mtu, ni wako.