Jani Lililoogeshwa Kwenda Bulaya

Benchi langu liko pembeni mwa soko la Kasongo, mahali pikipiki zinazotoka Salamabila zinaposhusha watu na vumbi lao. Mimi Alimasi nauza kahawa ya tangawizi, na sina subira na mtu anayepuliza kikombe kimoja asubuhi nzima. Wapulizaji wangu wakubwa ni watatu: Marcellin, tunayemwita Direkta kwa sababu aliongoza shule hadi akastaafu, Pitchou Satelite, dereva wa pikipiki, ambaye hupata habari hata kabla hazijatokea, na Dady Flash, mwenye studio ya picha. Siku hiyo alikuwapo pia Antoine, mkulima, simu mkononi, hanywi. Alikuwa anangoja jibu la binti yake Cadette, anayefanya kazi Bulaya, yaani Ulaya, kwenye maabara ya mimea. Mtu mmoja wa Lusangi alikuwa amemwambia aje akate vipando vya mihogo vya kujaza shamba lake lote, lakini aamue siku hiyohiyo, maana wengine wanavitaka na mvua iko karibu. Msimu uliopita ugonjwa wa mozaiki, ule unaokunja majani na kuyatia madoa ya manjano, ulimwachia mihogo myembamba kama vidole. Akipanda ugonjwa tena, nyumba yake haina chakula. Kwa hiyo alikuwa ametuma picha za jani la Lusangi, Cadette aseme: akate au aache.

— Lakini Antoine, Satelite akaanza, huyu mutoto wako anafanyaka kazi gani kabisa? Ni munganga?

— Hapana. Anaangaliaka picha.

— Picha! Flash akaruka. Basi iko fotografe kama miye!

— Yeye hapigi. Benzake wa kazi ndio wanaweka jani chini ya mikroskope, wanapiga. Cadette anapokea zile picha, anatafuta ndani yake kuko nini.

Direkta alikohoa. Kwetu hiyo ni kengele ya darasa.

— Sikilizeni. Jani imejengwa na vyumba vidogo vidogo, macho ya mutu haiwezi kuviona. Picha moja iko navyo maelfu. Cadette anafundisha mashini ijue chumba hiki kinaishia wapi, kingine kinaanzia wapi, na ugonjwa umeingia mu vingapi.

— Anaifundisha namna gani? Satelite akauliza.

— Anazungushia kila chumba mustari na mukono wake, Antoine akasema. Kimoja kimoja. Mashini ikikosea, anaanza tena. Aliniambia hiyo kazi aliijulia kwangu, wakati nilikuwa namutembeza mu mihogo: huu muzima, huu mugonjwa, huu muzima.

Sauti yake ililegea hapo. Nikambadilishia kahawa iliyopoa bila kuulizwa, na mimi si mtu wa kufanya hivyo.

— Sasa ngojeni, Satelite akasema. Kama anaona ndani ya jani, anaona na kile jani ilikunywa. Sombe ya Salamabila, yale majani ya mihogo ya kule ku migodi, inakunywa maji ya dhahabu! Tumutumie sombe tu, atatuambia tuchimbe wapi.

— Ataona mpaka nani aliitwanga, Flash akaongeza.

— Na karatasi si inatoka ku muti? Direkta akasema, macho yanang'aa. Wamupe mutihani wa wanafunzi chini ya mikroskope. Ataona nani aliangalilia kwa nani.

Hapo simu ikalia: ujumbe wa sauti. Antoine akaifungua sauti yote, tukainama juu yake wote.

"Papa, jambo. Nimeona zile picha. Hii jani iko muzuri sana, lakini haiwezekani. Nilipima rangi: kijani ni moja tu, toka juu mpaka chini. Jani yenye kuishi haiko na kijani moja. Mishipa midogo imepotea, ni kama mutu ameifuta. Na namna inang'aa, hiyo ni mafuta, na nyuma yake kuko kitenge. Papa, huku kila siku nagombana na watu wasipambe picha, sababu mashini itajifunza uongo. Siwezi kusema kitu juu ya lile shamba. Nani aligusa hii picha?"

Tukamgeukia Flash.

— Mafuta ameiona toka Bulaya! Satelite akanong'ona, mkono kifuani.

— Uliipaka mafuta? nikauliza.

— Mawese kidogo tu, na kitambaa. Kwanza niliiosha. Alimasi, miye najua kazi yangu! Mutu akikuja kupiga picha ya kutuma Bulaya, nitamutoa na vidonda? Ninamupaka, ninamuvalisha koti ya studio, kisha ninafuta madoa mu simu. Hiyo ni heshima.

— Na kile kitenge nyuma ya jani? nikauliza tena.

— Ni cha mama Mathilde, muke wangu, Direkta akasema polepole. Antoine alileta kifungu kizima cha majani, tukachagua moja yenye sura. Wangesema nini huko? Kwamba Kasongo hatujui kulima?

Nilicheka. Kisha nikamwona Antoine, nikaacha. Mtu wa Lusangi alikuwa anangoja jibu siku hiyo.

Lakini benchi langu halijui kunyamaza.

— Ule mutoto iko na macho! Direkta akasema. Miye nilimufundisha kusoma, na leo amenikamata na kitenge cha bibi yangu.

— Wamuoneshe picha za ndoa, Satelite akasema. Atajua nani walimulazimisha kucheka.

Pembeni alikuwa amekaa mama mmoja, Kahindo, mfanyabiashara wa vitambaa aliyeshuka kwenye pikipiki ya Salamabila na vumbi mpaka kwenye nyusi. Akaweka kikombe chini.

— Munisamehe, baba zangu, akasema. Mulichagua jani moja. Yale yenye mulitupa yalikuwa namna gani?

Flash akaanza kufuta kamera yake. Direkta akavua miwani, akaivaa tena. Satelite, mwenye habari za dunia nzima, akainama kukagua tairi la pikipiki yake. Mimi nikainua birika kumimina, kumbe lilikuwa tupu.

Antoine ndiye aliyebonyeza simu.

— Cadette, mama yangu. Ni miye. Yale majani yanajikunja, na iko na madoa ya manjano. Karibu yote. Niliona toka pale Lusangi. Nilitaka vile vipando sana, ndiyo maana niliwaacha waoshe moja. Nilitaka weye ndiye useme ni muzima.

Jibu halikukawia.

"Aksanti, papa. Usikate kitu kule. Unitumie yale mabaya, bila kuosha, bila kitenge. Miye nitawauliza benzangu nani karibu na ninyi iko na vipando vizima. Tutatafuta pamoja."

Antoine aliisikiliza tena, simu imebanwa sikioni, na alipoishusha macho yake yalikuwa na machozi, wala hakuyaficha.

— Mumesikia? akatuuliza. Mutoto wangu amekataa kunidanganya.

Satelite akawasha pikipiki waende Lusangi kupiga yale majani mabaya. Flash akapanda nyuma ya Antoine, kamera shingoni, na mawese akaniachia mimi.