Wale Wawili wa Mwisho wa Video

Benchi la Skelby, mji mdogo wa pwani ya Uingereza, linatazama bahari. Lina paa juu na vioo pande tatu, ili upepo ukija ukutane na kioo kabla ya kukutana na mgongo wa mtu. Pembeni yake ndipo kilipo kibanda cha chai cha Halina, na kila asubuhi, mbwa wakishatembezwa, wazee wanne hukusanyika hapo. Kuna Desmond, ambaye maisha yake yote alikodisha boti za pedali zenye umbo la bata-maji kwenye kiziwa cha bustani, maji yasiyopita magoti, na kwa hiyo anaitwa Admeli. Kuna Beryl, aliyekuwa na saluni karibu na kanisa, anaitwa Redio, na hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini. Kuna Glenys, aliyewavusha watoto barabara mbele ya shule kwa kibao chake cha duara mpaka wale watoto wakaleta watoto wao. Huyo wanamwita Simama. Wa nne ni Norris, fundi wa zile mashine za kuchezea sarafu, mtu wa maneno machache, anayeitwa Nusu Kijiko kwa sababu ya sukari anayotia kwenye chai. Asubuhi hiyo ya Aprili nafasi ya Norris ilikuwa wazi. Hata jana yake ilikuwa wazi. Hakuwa ameonekana kijiweni tangu itoke video ya wimbo iliyopigwa hapo ufukweni.

— Sogeeni, sogeeni, jua linapiga kioo, — alisema Redio, akiifungua tableti yake kutoka kwenye taulo la vyombo. — Tunaanza mwanzo.

— Jana si tuliiona? — Admeli aliuliza.

— Jana wewe hukuona kitu. Jana ulikuwa unatafuta sikio lako.

— Nililipata! Liko nyuma ya yule mama wa mwavuli. Sikio la kushoto. Linaonekana vizuri kabisa.

— Basi leo tafuta la kulia, utuachie nafasi sisi wenye nyuso.

Wakaiinamia tableti, vichwa vitatu pamoja. Wale vijana wanne wa Jumanne Yenye Mvua, bendi kutoka Sheffield, wakatokea wakitembea mbele ya vibanda vya ufukweni, kimoja cha buluu, kimoja cha njano, kimoja rangi ya mapera mabivu. Walikuja Novemba, baridi ya kukata masikio, na mwimbaji alikuwa amevaa shati jepesi la maua kama mtu aliyepotea njia ya kwenda Hispania. Pua yake ilikuwa nyekundu. Aliimba vizuri hivyo hivyo.

— Anakuja, anakuja, anakuja... — Redio alinong'ona.

Shakwe akashuka kutoka kulia, akapita na chipsi zote za mpiga gitaa, karatasi na yote.

— Weeeee! — walipiga kelele wote watatu kama watu walioona goli, na Halina kutoka dirishani mwake akapiga kijiko kwenye birika.

— Yule ndiye staa, — Admeli alisema, akifuta machozi. — Na hakulipwa.

— Kalipwa chipsi. Wewe ulilipwa nini?

Kisha ikaja ile sehemu ya dansi. Kila Jumatano alasiri watu wa Skelby hucheza dansi kwenye ukumbi ulio mwisho wa gati, piano na biskuti, na yule mwongozaji wa video, kijana mwembamba mwenye kofia ya sufu, alipolisikia hilo aliomba wacheze nje, penye upepo. Wakacheza. Makoti makubwa, skafu, mikoba mkononi. Redio alijiona akizunguka na mwenye duka la samaki. Alijipongeza kwa sauti.

Halafu wimbo ukaisha. Picha haikuisha. Barabara ya ufukweni ilikuwa tupu, viti vimeanguka, karatasi inaruka, hakuna muziki, ni mawimbi na shakwe tu. Na katikati ya utupu huo watu wawili wazee wanaendelea kucheza, taratibu, kama hawana habari: Norris na Glenys. Picha inafifia nao bado wanazunguka.

Glenys alinywa chai yake iliyokuwa imekwisha.

— Sasa, — alisema Redio, akiiweka tableti mapajani kama hakimu, — hapo ndipo panaponinyima usingizi. Kwa nini wameacha hicho kipande?

— Kompyuta, — alisema Admeli.

— Kompyuta nini?

— Hao si watu. Wametengenezwa. Siku hizi wanakuchukua kipande cha bega, kipande cha kiatu, wanakushona. Norris saa hiyo alikuwa nyumbani kwake anakula supu.

— Desmond, huyu hapa Glenys. Amekaa. Mguse.

— Sijasema Glenys. Glenys ni wa kweli. Nasema Norris. Mtazame anavyocheza! Umewahi kumwona Norris anacheza vile? Jumatano yeye hucheza kama mtu anayesukuma kabati.

— Hilo ni kweli, — Redio alikiri. — Lakini mimi nimefikiri zaidi yako. Ile ni sauti ya serikali.

— Serikali!

— Nani kazima muziki? Nani kawafanya wazee wacheze bila muziki kwenye baridi? Wanatuambia, bei ya gesi imepanda, msiwashe moto, chezeni mpate joto. Wakati wa baridi utaona watatuletea viatu badala ya posho ya gesi.

— Acha zako, Beryl!

— Utaniambia.

Glenys alicheka, maana haikuwezekana kutocheka. Lakini macho yake yalirudi kule barabara ya ufukweni inakotokea mjini, kwenye kona ya vyoo vya umma, ambako kwa kawaida Norris hujitokeza na kofia yake ya kijivu.

— Wewe Simama, wewe ndiye ulikuwepo, — Admeli alimgeukia. — Tuambie. Mlilipwa mbaki?

— Hapana.

— Mliambiwa mbaki?

— Tuliambiwa tuache, — alisema Glenys, na papo hapo akajuta kusema.

Kwa sababu ukweli wenyewe ndio huo. Mwongozaji alipiga kelele "Kata!" kwa kile kipaza sauti chake, na mji mzima ukasikia. Yeye alisikia. Mwanamke aliyesimamisha malori kwa mkono mmoja miaka na miaka hakusimama. Na mkono wa Norris mgongoni kwake haukuondoka. Hawakuzungumza. Baadaye kila mmoja alienda nyumbani kwa njia yake, na kipindi chote cha baridi walikaa kwenye benchi hili wakizungumzia mifereji ya paa na mafumbo ya gazetini, kama watu walioweka kitu kabatini na kila mmoja anangoja mwenzake afungue. Sasa kabati limefunguliwa na bendi kutoka Sheffield, nchi nzima inachungulia ndani, na Norris haji tena kunywa chai. Ameona aibu, Glenys alijiambia. Amejiona kwenye video akaona aibu, na benchi hili halitampata tena.

— Mliambiwa mwache na hamkuacha? — Redio alikuwa ameinuka nusu. — Na mimi nilikuwa wapi?

Admeli alijikuna sikio la kushoto.

— Kwenye foleni, — alisema Admeli.

— Usiniambie.

— Kwenye foleni, Beryl. Wote tulikuwa kwenye foleni.

Wakakumbuka, wakafunika nyuso. Siku ile, dansi lilipokaribia kumalizika, mtu mmoja aliona foleni nyuma ya magari ya bendi, akaenda akajipanga. Mwingine akamwona, akajipanga nyuma yake. Kufumba na kufumbua Skelby yote ilikuwa imesimama mstari mmoja ulionyooka, kila mtu akiamini mbele kuna mikate ya nyama ya bure. Hakuna aliyeuliza. Kuuliza kungekuwa utovu wa adabu. Walisimama wakisifu hali ya hewa, wakipeana nafasi, wakimwambia kila anayekuja mwisho wa foleni uko wapi, mpaka Admeli alipofika mbele, akafunguliwa mlango, akakuta choo cha kuhamishika.

— Na uliingia, — alisema Redio.

— Ningefanyaje? Nilikuwa nimeshangoja muda wote ule. Na watu nyuma yangu wananitazama.

— Ulitoka umenyamaza, mwovu wewe. Hukutuambia.

— Kila mtu alitoka amenyamaza! Hata mchungaji!

Halina alicheka mpaka akashika dirisha. Glenys naye alicheka mpaka kifua kikamuuma, na katika kicheko hicho Admeli akapata nguvu mpya.

— Sasa nimeelewa, — alisema. — Mnajua Norris yuko wapi? Wamemchukua.

— Nani?

— Bendi. Ni mtu wa tano. Mliangalia yule mpiga ngoma? Kijana dhaifu, hamalizi mwaka. Wamekuja Skelby kutafuta mtu aliyekomaa. Saa hii Norris yuko London, kavaa miwani myeusi, anakula mayai hotelini.

— Norris hajui ngoma, — alisema Glenys.

— Kagonga mashine za sarafu maisha yake yote, nyingine kwa nyundo. Unataka ngoma ya namna gani nyingine?

— Halafu wakienda Amerika, — Redio alidakia, akisahau serikali yake, — atakuwa anatuma salamu kwa televisheni. Na wewe Glenys watakuja kukuhoji. Nitakutengeneza nywele. Hivyo ulivyo huwezi kwenda mbele ya watu.

— Asante, Beryl.

— Nasema kwa upendo, kipenzi.

Wakati huo msichana mmoja alikuwa amesimama mbele ya benchi, koti refu, mkoba wa mgongoni, simu mkononi. Aliitazama simu, akaitazama gati, akaitazama simu tena. Kisha akamwona Glenys, na mkono wake ukapanda mdomoni.

— Samahani sana, — alisema. — Naitwa Anjali. Nimetoka Leicester kwa treni ya alfajiri. Ni wewe, sivyo? Wa mwisho wa video?

— Ni yeye, — alisema Redio upesi. — Na mimi ndiye wa koti la kijani.

— Na mimi sikio, — alisema Admeli.

— Mama yangu na mimi tunaipenda ile sehemu kuliko wimbo wenyewe, — alisema Anjali, na maneno yakamtoka mbio. — Tunaiangalia jikoni tukipika. Tukifika pale tunaacha sufuria. Na kila siku tunabishana, kwa sababu picha inafifia, huoni mwisho. Mama ana jibu lake, mimi nina langu. Nikamwambia nitakuja niulize. Ni kitu kidogo tu. Nani aliachia mkono kwanza?

Redio alifungua mdomo. Kwa mara ya kwanza tangu saluni ifungwe, hakikutoka kitu. Alimtazama Admeli. Admeli aliitazama bahari.

— Sisi tulikuwa... — alianza Admeli, — tulikuwa na shughuli.

Wote wakamgeukia Glenys. Glenys aligeuza kikombe kitupu mikononi. Angeweza kusema neno lolote wangelikubali. Lakini alipojitafutia moyoni alikuta upepo, sufu ya koti, harufu ya sabuni ya kunyolea, na baada ya hapo njia ya nyumbani. Katikati hapakuwa na kitu.

— Hata mimi nimekuwa nikijiuliza hilo, — ilisema sauti nyuma ya kioo.

Norris alikuwa amesimama pale, kofia mkononi badala ya kichwani, masikio yamewiva kwa baridi.

— Ebo! Umerudi kutoka London? — aliuliza Admeli.

— London gani? Nimekuwa nikifika hadi pale vyooni, halafu narudi nyumbani. Jana hivyo hivyo. Juzi hivyo hivyo.

— Kulikuwa na foleni?

— Desmond, nyamaza, — alisema Redio.

Norris alizunguka kioo, akaja mbele ya benchi. Hakukaa.

— Binti yangu alinipigia simu siku ilipotoka, — alimwambia Glenys. — Akaniuliza, baba, yule mama ni nani? Nikasema ni Glenys wa kijiweni. Akasema, sikukuuliza jina. Nikakosa la kumjibu. Nikasema siwezi kuja kukaa hapa nikinywa chai kama kawaida na jibu sina. — Akavuta pumzi. Huo ulikuwa mwezi mzima wa maneno kwa mtu kama yeye. — Wewe unakumbuka nani aliachia?

— Sikumbuki, Norris. Nimejaribu sana.

— Mimi pia.

— Nilidhani umeona aibu.

— Aibu ya nini? Nimeiangalia mpaka mjukuu wangu kaificha simu.

Glenys akacheka kwa pua, na kisha ikambidi atafute kitambaa. Norris aliizungusha kofia yake mduara mzima.

— Basi naona, — alisema, — tukitaka kumjibu huyu binti wa watu, itabidi turudie.

Anjali alikuwa ameshaupata wimbo kabla Norris hajamaliza kusema. Akaiweka simu kwenye ukingo wa dirisha la Halina, ndani ya kikombe kitupu ili sauti ikue, na Halina akatangaza kwamba chai imekwisha na hachemshi nyingine mpaka mambo haya yaishe. Glenys akasimama. Akampa Redio mkoba wake. Wakaanza pale pale kwenye saruji, kati ya benchi na bahari, Norris akicheza kama kwenye video, siyo kama mtu anayesukuma kabati.

— Safari hii siendi popote, — alisema Admeli, akijiweka sawa. — Hata walete mikate ya nyama ya kweli. Nataka kuona kwa macho yangu.

Redio naye alikuwa amekaza macho, mkoba umekumbatiwa kifuani, habari kubwa kuliko zote za Skelby ikichezwa mbele yake kwa hatua chache. Wimbo ukaenda, ukapanda, ukaanza kupungua. Shakwe mmoja akatua juu ya pipa. Sauti ya mwisho ya gitaa ikaisha ndani ya kikombe, yakabaki mawimbi.

Wale wawili hawakusimama.

Redio aliwatazama kidogo tu. Kisha akamshika Admeli mabega, akamgeuza mzimamzima kuelekea mjini.

— Beryl! Nitakosa!

— Geuka, mzee. Wewe pia, kipenzi, — alimwambia Anjali. — Halina, na wewe.

Wakageuka wote wanne, wakawapa mgongo, wakabaki kutazama duka la samaki lililofungwa kana kwamba hakuna kitu kizuri zaidi katika pwani yote ya Uingereza.

— Sasa nitamwambia nini mama? — aliuliza Anjali kwa sauti ya chini.

— Mwambie, — alisema Redio bila kugeuka, — bado tunangoja.