Fundi Kichwa Chuma na Mlango wa Kabati

Wapendwa waombolezaji, mimi ni mdogo wake marehemu, na familia imenipa kazi hii ingawa wote mnajua msemaji wetu alikuwa yeye.

Ndugu yetu, fundi wa mapaa, alizaliwa tarehe 2 Aprili 1958, mtoto wa tatu kati ya saba, akamaliza darasa la saba mwaka 1973, akajifunza useremala kwa mjomba wetu, na tarehe 10 Septemba 1983 akafunga ndoa na shemeji yetu huyu, mshonaji, wakajaliwa mabinti watatu na mvulana mmoja.

Tarehe 6 Novemba 1996 alianguka kutoka paa la shule, akafikishwa hospitali akiwa na alama nne kati ya kumi na tano wanazopimia fahamu, daktari akatuambia tujiandae, lakini baada ya wiki kumi na moja, tano kati ya hizo akipumulia mashine, alirudi nyumbani kwa miguu yake, na mafundi wakambatiza Kichwa Chuma. Majina ya watu yalimponyoka, akatuita sote "mwenzangu", isipokuwa mkewe, ambaye jina lake halikumpotea hata siku moja. Hakupanda paa tena, alibaki chini akipima mbao, na yeyote aliyegongwa kichwa, hata na kipande cha ubao, alimburuta hospitali akakaa naye mpaka daktari aseme basi, maana kichwa, alisema, si kitu cha kukisia.

Lakini mganga hajigangi. Tarehe 19 Januari mwaka huu aliinuka chini ya kabati la jikoni, akajigonga kwenye mlango wake, akacheka, shemeji naye akacheka, na maumivu yaliyofuata akayasingizia miwani. Alipofikishwa hospitali tarehe 10 Februari alikuwa na alama kumi na nne, akitaniana na wauguzi, nasi tukashusha pumzi, kumbe damu ilikuwa ikivuja polepole kichwani, na licha ya upasuaji alituaga tarehe 13, saa nne asubuhi.

Tunawashukuru madaktari, wauguzi, majirani, na mafundi wenzake, wakiwamo kumi na mmoja aliowahi kuwaburuta.

Shemeji, tangu siku ile unasema usingecheka angekwenda hospitali mapema, na mwanao ameshika nyundo mara mbili aung'oe mlango ule. Kabla ya upasuaji marehemu aliniagiza mlango uachwe, kwani aliyecheka kwanza ni yeye, na kwa kukuona ukicheka vile, alisema, yuko tayari kugongwa tena.

Mlango upo. Pumzika kwa amani, mwenzangu.